Nukta ya Tatu

Mtu akikiri kosa kabla hujamwuliza, kazi ya upelelezi huwa nyepesi mno au nzito mno. Asubuhi hiyo, saa mbili na dakika chache, Inspekta alikuwa bado hajajua ameangukia upande gani. Mbele yake aliketi mzee mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Mkanda, kamba za viatu na vitu vyake vyote vilikuwa vimebaki kaunta tangu jana. Mezani, ndani ya mfuko mzito wa plastiki uliopigwa muhuri, ilikuwapo nyundo ya mwashi iliyomeguka uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana jioni ulikuja hapa kwa miguu yako, hakuna aliyekuita, ukaandikisha kwamba wewe ndiye uliyesababisha kifo cha yule mwashi. Nieleze tena. Taratibu, kama unamwelekeza mgeni njia."

"Hakuna cha taratibu. Alama ni yangu, kosa ni langu."

"Alama ipi?"

Mzee alifinya macho, akauvuta mfuko, akapapasa ubavu wa nyundo kwa kidole gumba juu ya plastiki, karibu na tundu la mpini. "Hapa. Moja, mbili, tatu. Nukta tatu. Hizi hakuna mwingine aliyezitia pale kiwandani. Ndiyo maana hata wajukuu zangu wananiita Mzee Nukta."

Koplo, kijana mnene mpenda njia za mkato, alikuwa ameegemea kabati na faili mkononi. Kwake yeye kesi ilikwisha jana. Siku sita zilizopita mwashi mmoja alikuwa anachonga boriti ya zege kwa tindo. Alipopiga pigo moja, uso wa nyundo ukameguka, kipande kikaruka kikamkata mshipa wa shingo, na hakufika hospitali. Kampuni ya zana ilipoulizwa ilijibu kwa barua fupi kwamba hiyo ni nyundo kuukuu ya enzi za tanuri, kampuni ilipokuwa bado inafua yenyewe, ina alama ya mkono ya fundi aliyestaafu, na kampuni haina la kuongeza. Fundi mwenyewe alisikia habari hizo kwa majirani, akavaa koti lake, akaja.

Mkuu wa kituo naye alikuwa ameshasema la kwake: saa nane mchana faili liwe kwa mwendesha mashtaka. Kuua bila kukusudia. Mzee wa miaka sabini na nne akienda gerezani kwa kosa hilo, ndugu zake wanaanza kuulizana nani atamzika.

"Nukta tatu maana yake nini?" Inspekta aliuliza.

Hapo mzee akakaa sawa. Hata sauti ilibadilika, ikawa ya mtu aliye kwake.

"Nyundo ikitoka kufuliwa ni laini. Unaipasha moto mpaka inakuwa nyekundu. Imeiva. Unaizamisha kwenye mafuta, inakuwa ngumu. Lakini hiyo ni ngumu ya kipumbavu, mwanangu, ngumu ya chupa. Ukiipiga inakurukia. Kwa hiyo unairudisha motoni, moto mdogo, na hapo huondoki. Huli, huongei, hata mbu akikuuma unamwachia ashibe. Unaangalia rangi inavyopanda kwenye chuma. Ikifika rangi ya majani makavu, unaitoa. Ikigeuka buluu, umechelewa. Hiyo ndiyo kazi ya kutia matiko. Nukta ya kwanza inasema imeiva. Ya pili, imezama. Ya tatu, imerudi."

"Na bila ya tatu?"

"Bila ya tatu haivuki mlango wa kiwanda. Miaka thelathini na moja haikuvuka."

"Basi hii ilivukaje?"

Mzee aliangalia mikono yake. "Nimelala kwenye sakafu yenu usiku kucha naipekua hiyo miaka, siku moja moja. Kuna siku nilisinzia, au niliongea, nikatia nukta kabla nyundo haijarudi. Siku yenyewe siioni. Lakini chuma hakina sababu ya kunisingizia. Mtu amekufa, na alama haikanwi."

Koplo alimtazama bosi wake kwa macho yanayosema *si nilikwambia*. Inspekta hakumjali. Aliinua mfuko akaupeleka dirishani. Mpini ulikuwa mweusi kwa jasho, umelika pale gumba linapokaa, mpini wa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Kwa mpini huo, nyundo ilikuwa kuukuu kama kampuni ilivyosema. Kisha akaugeuza juu chini. Kwenye kichwa, pale mpini unapotokeza, kabari ya chuma iliyoukaza ilikuwa inang'aa kama sarafu mpya.

Akaandika maneno mawili kwenye daftari: *kabari mpya*.

"Koplo, lete gari. Mzee apewe chai."

"Afande, amekiri."

"Nimesikia. Mimi pia nina masikio. Gari."

*

Mjane wa mwashi aliwapokea sebuleni, nyumba ya vyumba viwili iliyosimama wima kuliko zote mtaani, maana marehemu mwenyewe ndiye aliyeijenga. Viti vya plastiki vya kuazima vilikuwa vimepangwa ukutani vikingoja wenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho yamekauka, mgongo umenyooka.

"Pole sana, dada," Inspekta alisema. "Sitakuchosha. Nyundo ya marehemu alikuwa nayo tangu lini?"

"Ipi, kichwa au mpini?"

Koplo aliacha kuandika.

"Kwani vilikuja mbalimbali?" Inspekta aliuliza.

"Dada afande, waashi hawanunui mpini. Mpini ni wa baba mkwe. Alimwachia mume wangu siku aliyoacha kazi, na baba mwenyewe alikuwa amewekewa na fundi wake. Mpini ukishaujua mkono, huutupi. Kichwa kikiisha, unatafuta kichwa kingine, unakaza kabari, maisha yanaendelea. Kichwa alikinunua mwaka jana. Mimi ndiye niliyemshikia mpini wakati anagonga kabari. Alifurahi kama mtoto. Alisema, mama watoto, nimepata ya nukta tatu, kama ya baba."

"Na kichwa cha baba?"

Alinyoosha kidole mlangoni. Pale chini, kikiuzuia mlango usijifunge, kilikaa kipande cha chuma cha mviringo. Inspekta aliinama akakiokota. Kilikuwa kichwa cha nyundo, au tuseme kilichobaki. Uso wake ulikuwa umelika mpaka nusu ya unene, laini, bila ufa hata mmoja, bila hata kona iliyomeguka.

"Miaka mingapi?"

"Baba mkwe ishirini na tatu, mume wangu kumi na moja. Hakikuvunjika. Kiliisha tu, kama sabuni."

Inspekta alikishika muda mrefu kuliko kazi ilivyodai. Kuna vitu ukivishika unajua mtu aliyevitengeneza hakukudanganya, na hiki kilikuwa kimojawapo. Akapitisha kidole ubavuni. Nukta tatu zilikuwapo, zimefifia: ya kwanza juu kidogo, ya pili na ya tatu zimesogeleana.

"Dada, naomba uniazime hiki. Nitakurudishia kwa mkono wangu."

"Mrudishe," mjane alisema, kama anayezungumzia mtu. "Mlango unajifunga."

Ndani ya gari Koplo alihesabu kwa vidole mpaka mtaa wa pili, na kwake hiyo ilikuwa rekodi.

"Afande, faili linasema tanuri lilizimwa miaka saba iliyopita. Kichwa kimenunuliwa mwaka jana."

"Ndiyo."

"Lakini kinaweza kuwa mali ya zamani iliyokaa dukani. Duka la mjomba wangu lina viberiti vyenye umri kunishinda."

"Hiyo ni hoja nzuri," Inspekta alikubali. Koplo akatabasamu mpaka walipofika.

*

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa babu mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Alijua kila msumari dukani kwake kwa jina la ukoo. Alipoonyeshwa picha ya marehemu alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Namkumbuka. Alizipapasa nyundo zote, akachagua moja, zote zikiwa sawa. Waashi ndivyo walivyo."

"Zilikuwa mali ya zamani?"

"Zamani wapi? Mali ya zamani ya nukta tatu haikai dukani, mama. Kizuri chajiuza. Tanuri lilipozimwa, zilizobaki ziliisha ndani ya wiki mbili, watu wanagombania. Hizi zimekuja kwa meli." Akatoa boksi chini ya meza na kulisukuma mbele. Ubavuni palikuwa na tarehe ya mwaka jana. "Nembo ile ile, nukta zile zile. Nilifurahi. Nikasema, angalau hilo wamelihifadhi."

Inspekta alitoa nyundo nne kutoka boksini akazipanga mezani. Kila moja ilikuwa na nukta tatu ubavuni. Fundi anayezitia alikuwa kwenye sakafu ya mahabusu, na kwa miaka saba hakuwa amekanyaga kiwandani.

"Una tupa?"

Mwenye duka hakuuliza ya nini. Alibana nyundo mpya kwenye jiliwa, akapitisha tupa usoni pake. Tupa iliteleza kama inayopita juu ya kioo, haikuacha hata mkwaruzo. Babu alikunja uso, akarudia. Kisha Inspekta akampa kichwa kile cha mlangoni. Safari hii tupa ilishika, kidogo tu, ikatoa unga mwembamba wa chuma.

"Hiki kimerudi," babu alisema polepole. "Zangu hazijarudi. Na mimi nimewauzia watu." Akaanza kuzikusanya nyundo kutoka kwenye rafu, moja baada ya nyingine, akizirudisha boksini.

"Kwa hiyo ni hao wa ng'ambo," Koplo alisema.

"Ng'ambo si mahali pamoja, kijana." Babu alichomoa bisibisi mfukoni. "Hii imetoka ng'ambo, ninayo mwaka wa kumi na tisa, nimefungulia hata bawaba za mlango wa mkwe wangu. Anayejua kazi yupo kila mahali. Swali ni aliagizwa nini."

Inspekta alikuwa hasikilizi tena. Aliomba karatasi nyembamba na penseli. Aliweka karatasi juu ya nukta za nyundo ya kwanza akasugua kwa ubavu wa penseli mpaka umbo likatokea, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu akafanya hivyo kwa kichwa cha mlangoni, na mwisho kwa nyundo ya kesi, aliyokuja nayo, baada ya kuufungua muhuri mbele ya mashahidi wawili na kuandika saa. Akaziinua karatasi kwenye mwanga, moja juu ya nyingine.

Nukta za kichwa cha mlangoni zilikataa kulingana na za nyundo nyingine yoyote. Za nyundo mpya zote, pamoja na iliyoua, zililala moja juu ya nyingine kama karatasi ni moja. Na zote zilikuwa na kasoro ile ile. Nukta ya tatu ilikuwa na mkia mdogo, mkwaruzo unaoteremka kuelekea chini, kama mkono ulioteleza.

"Koplo, wewe ukiandika jina lako mara tano, linafanana?"

"Halifanani hata mara mbili, afande. Mwalimu alinichapa kwa hilo."

"Basi mkono hauwezi kuteleza mara tano pale pale. Hizi hazikutiwa na mtu. Zimetoka na kalibu, chombo kimoja kilichozipa zote umbo. Kuna nyundo moja, ya kweli, ambayo mzee aliitia nukta mkono ukateleza. Hiyo ndiyo iliyopelekwa ikaigwe, wakaiga mpaka kosa." Akatazama saa. Saa nne na nusu. "Tukamwulize aliyeipeleka."

*

Kampuni ya zana haikuwa tena na moshi. Pale palipokuwa na tanuri palijaa maboksi mpaka kwenye dari, na sakafuni duara jeusi lilionyesha mahali moto ulipokaa. Ofisi ilikuwa juu, ina kiyoyozi na meneja wa miaka arobaini aliyevaa shati la mikono mirefu na tabasamu fupi. Mezani kwake kulikuwa na kigoda kidogo cha mbao iliyong'arishwa, chenye mikato miwili. Juu yake aliegemeza simu.

"Tulishajibu kwa barua," alisema. "Nyundo ni ya enzi za marehemu baba. Sisi siku hizi tunaagiza, hatufui."

"Zile mnazoagiza zina alama ya mkono?"

"Hazina. Mashine haina mkono."

Inspekta aliweka nyundo mpya mezani, ubavu juu. Meneja aliitazama muda unaotosha kumeza mate mara moja.

"Labda mali ya zamani ilichanganyika na mpya."

"Ndani ya boksi lililofungwa bandarini?"

"Hao watu wa kule hawaaminiki. Unawapa sampuli nzuri, wanakuletea takataka. Mimi mwenyewe nimedhulumiwa."

"Sampuli ipi mliwapa?"

"Yoyote tu. Sikumbuki."

Inspekta alisogeza simu ya meneja pembeni kwa kidole kimoja, akalaza nyundo juu ya kigoda. Ilikaa kwenye mikato yake sawasawa, kichwa upande mmoja na mpini mwingine, kana kwamba kilichongwa kwa ajili yake. Karani wa masijala alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, mama wa makamo aliyeanza kazi pale akiwa binti. Alishusha sinia bila kuombwa.

"Hapo ilikaa nyundo ya marehemu bosi mkubwa," alisema. "Alikuwa haruhusu hata vumbi."

"Mama, hujaulizwa," meneja alisema.

"Sasa ninamwuliza," Inspekta alisema. "Mama, faili la barua za ng'ambo unalo?"

"Faili ninalo mimi. Yeye anazo funguo za gari tu."

Lililetwa faili la kijani lenye mgongo uliochakaa. Inspekta alisoma akiwa amesimama. Barua ya kwanza ilitoka kwa msimamizi wa tanuri wa kiwanda kimoja cha ng'ambo, ya miaka sita iliyopita. Barua ya pili, fupi, ilikuwa jibu, na chini yake ilikuwapo saini ya meneja.

"Hii ni saini yako?"

"Nasaini vitu vingi."

"Nakusomea uliyoyasaini. 'Fanyeni kama oda inavyosema. Hatua ya kurudisha motoni iondoeni. Nukta ziacheni, wateja wanazitambua.' Halafu?" Aligeuza ukurasa. "Halafu walikujibu nini?"

Meneja alikuwa amegundua kitu cha kutazama dirishani. Karani ndiye aliyejibu.

"Walikataa. Walirudisha sampuli kwa posta, imefungwa kwenye pamba kama yai, na mstari mmoja: nyundo ya namna hiyo hatufui. Oda ikapelekwa kiwanda kingine ambacho hakiulizi maswali."

"Na ile sampuli?"

"Ikaenda huko huko. Haijarudi. Mimi nilimwandikia bosi kumkumbusha, mara mbili."

Koplo, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbilia kitu kisicholiwa, alikuwa ameshafika upande wa meneja na pingu zimefunguka. Inspekta alimsomea haki zake kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba tupa. Ghala likafungwa, kufuli likapigwa muhuri wa polisi, na karani akatia saini kama shahidi kwa mwandiko uliolala vizuri kwenye mstari.

"Yule Mzee Nukta," karani aliuliza wakiwa kwenye ngazi, "ni kweli mmemweka ndani?"

"Amejiweka mwenyewe."

"Ndiye yeye huyo," mama yule alisema. "Aliwahi kujikata mshahara wa siku tatu kwa ajili ya patasi moja iliyopinda."

*

Saa saba na nusu mzee aliletwa tena chumbani. Kwenye meza nyundo zilikuwa zimepangwa chini ya gazeti. Inspekta alimwekea mbele karatasi tupu na kalamu.

"Mzee, nataka ufute maelezo yako. Nyundo ile si yako."

"Mwanangu, usinionee huruma. Nimeipapasa. Nukta ni zangu. Nikianza kukana alama leo, zile zote nilizotia zitakuwa na maana gani? Kuna watu wananing'inia juu ya ukuta sasa hivi wakiamini hizo nukta."

"Umeipapasa juu ya plastiki. Umeiona?"

Mzee alifinya macho. "Miwani yangu iko kaunta. Wamesema kioo ni silaha."

Inspekta alifumba macho kidogo. Tangu jana jioni watu wanne walikuwa wameingia na kutoka chumba hiki, yeye akiwa mmojawapo, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mzee anafinya macho. Alimtuma Koplo. Koplo alirudi na bahasha, na mzee akaivaa miwani yake, akaivuta sikio moja kwanza, kisha la pili.

Inspekta aliondoa gazeti.

Kwanza mzee alikichukua kichwa cha mlangoni, kile kilichoisha. Akakipima mkononi, akakigusa kwa kucha, akakisikiliza. Uso wake ukalainika. "Huyu ni wangu," alisema. "Amefanya kazi huyu. Aliyekuwa naye alikuwa mtu wa kazi." Kisha akaichukua iliyoua. Akaigeuza ubavu. Akaisogeza karibu na pua. Akaiweka, akachukua nyingine, akaangalia ubavu, akaiweka. Nyingine. Nyingine. Alipofika ya tano aliinua uso.

"Wameutoa wapi huo mkia?"

"Nilitaka kukuuliza wewe."

"Mkia huo ni mmoja duniani." Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Siku ile mke wangu alikuwa amelazwa, uzazi wa shida. Mimi niko kwenye tanuri, sitoki, nyundo inarudi. Imefika rangi, nimeitoa, nimeweka ncha ya kutilia nukta ya tatu, nimeinua nyundo ya kugongea, mtu akaingia anapiga kelele: mapacha, na mama yao mzima. Mkono ukateleza. Nilitaka kuirudisha ikafuliwe upya, maana alama mbaya haitoki. Bosi mkubwa akakataa. Akasema hiyo si ya kuuza, hiyo ni nyundo ya mapacha. Akaichongea kigoda, akaiweka mezani kwake. Ile ilikuwa imerudi, mwanangu. Mkono uliteleza, lakini chuma kilikuwa kimerudi."

"Najua. Mtoto wa bosi aliipeleka ng'ambo ikaigwe. Zikaigwa nukta, matiko yakaachwa, kwa amri yake. Yuko chumba cha pili, anatafuta wakili. Hukusinzia, mzee. Ile siku uliyoitafuta usiku kucha haipo."

Mzee alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia kwa muda mfupi, bila sauti, mabega tu. Koplo akakumbuka jambo kwenye korido, akatoka.

"Kuna kitu kingine," Inspekta alisema alipoona ametulia. "Mtu mmoja aliuliza habari zako." Akamsogezea barua ya kwanza kutoka faili la kijani, akaweka kidole pa kuanzia.

Mzee alisoma kwa midomo, neno kwa neno.

*Tumepokea sampuli yenu. Ni kazi nzuri sana, mafundi wangu wote wameacha walichokuwa wanafanya wakaja kuiangalia. Tuna maswali mawili. Oda yenu haikutaja kuirudisha nyundo motoni. Tunadhani mmesahau, kwa sababu hii imerudishwa, tena na mkono unaojua. La pili: ubavuni kuna nukta tatu, na ya tatu ina mkia. Zina maana gani? Tafadhali mwulizeni aliyezitia, au mtupe anwani yake tumwulize wenyewe. Msimamizi wa tanuri.*

"Alijibiwa nini?"

Inspekta aliona hana haki ya kumficha. "Alijibiwa kwamba aliyezitia hayupo tena."

"Miaka sita iliyopita."

"Miaka sita."

"Mimi nakaa nyuma ya kiwanda. Ningesikia hata wakiniita kwa filimbi." Alisema bila hasira, kama anayesahihisha kipimo. Akavuta karatasi, akaandika kwamba anayafuta maelezo yake ya jana kwa kuwa nyundo iliyotajwa si kazi yake. Akatia saini. Kisha, baada ya kufikiri, akatia nukta tatu chini ya saini.

Saa nane kasoro dakika kumi. Inspekta aliichukua karatasi akampa Koplo mlangoni, na Koplo akaondoka nayo mbio kweli kweli kuelekea kwa mwendesha mashtaka. Inspekta akanyoosha mkono apokee kalamu. Mzee hakuiachia.

"Uko huru, mzee. Vitu vyako viko kaunta. Nitakupeleka nyumbani mwenyewe."

"Ahsante, mwanangu. Una karatasi nyingine?"

"Ya nini?"

"Mtu ameuliza swali la maana, hajajibiwa miaka sita. Si adabu."

Alimpa. Mzee alisogeza kiti, akaweka kile kichwa kilichoisha juu ya pembe ya karatasi isipeperuke, akainama mpaka pua ikakaribia wino.

*Kwa Msimamizi wa Tanuri,* aliandika, herufi kubwa, zisizoharakishwa. *Barua yako nimeipata leo. Mimi nipo.*